Jibu: Rekodi za Zoom haziingii zenyewe kwenye Google Drive

Habari ndugu. Nimekuelewa hivi: umeunganisha Zoom na Google Drive kupitia Zapier (huduma inayounganisha programu ili zipeane kazi zenyewe), jaribio lilipita vizuri, lakini mikutano halisi ikiisha folda inabaki tupu.

Kabla hujagusa kingine, angalia rekodi inahifadhiwa wapi. Mwenyeji akirekodi kwenye kompyuta yake, Zoom haitoi taarifa ya rekodi kukamilika, hivyo Zapier haina cha kudaka. Lazima iwe rekodi ya wingu, yaani inayohifadhiwa mtandaoni kwenye seva za Zoom, na hiyo ni ya akaunti za kulipia tu. Wengi niliowasaidia walikwama hapo hapo, hasa timu zenye wenyeji kadhaa, kila mmoja akibofya lake. Ingia kwenye mipangilio ya akaunti, washa kurekodi kiotomatiki, chagua wingu, halafu ukifunge kipengele hicho ili mtu asikibadilishe.

Ukishahakikisha hilo, vuta subira. Taarifa hutoka video ikishachakatwa, si mkutano unapoisha. Video ya mkutano wa saa 1 mara nyingi huchukua kama saa 2 kuchakatwa, na mifumo ikielemewa inaweza kufika saa 24.

Jambo jingine: mkutano mmoja huzaa mafaili kadhaa, MP4 ya video, M4A ya sauti, pengine na maandishi ya gumzo. Weka kichujio kwenye Zapier kipitishe MP4 peke yake. Jina la faili liwe na tarehe, maana Drive hukubali mafaili mawili yenye jina moja na mikutano ya kila wiki itakuchanganya vibaya.

Ikigoma bado, weka hapa picha ya historia ya Zapier tuone imekwamia hatua gani.