Kabla ya Kiyoyozi, Tazama Juu ya Kichwa Chako

Msomaji mmoja wa Lindi, mwalimu, ameniandikia kuniuliza kama ni busara kukopa ili afunge kiyoyozi chumbani, kwa kuwa watoto wake hawapati usingizi tangu kaskazi ianze kuvuma. Nimekwisha kumjibu, lakini jambo lenyewe linatugusa wengi tuliotoka kwenye nyumba za udongo na makuti tukahamia za tofali na bati, kwa hiyo naliandika hapa kwa urefu.

Nyumba yangu ipo Mtwara mjini. Mwaka wa kwanza tulipohamia, mama yangu alikuja kututembelea mwezi wa Februari akitokea Newala, kule juu ya uwanda wa Makonde ambako usiku mtu hujifunika blanketi. Hakuweza kulala ndani. Kila usiku alibeba mkeka wake akaenda kujilaza barazani, na hatimaye akaaga mapema kuliko alivyokusudia. Yeye hakulalamika, waliosema ni jamaa, kwamba mtoto amejenga nyumba nzuri na mama analala nje. Maneno hayo yaliniuma, na hadi leo nikiyakumbuka yananiuma. Fundi aliyeipaua nyumba, nilipomweleza, alinijibu kwa mkato kwamba joto la pwani halina dawa isipokuwa kiyoyozi.

Sikukubali. Nilianza kuichunguza nyumba yangu kwa mkono. Saa mbili usiku, wakati uwanjani upepo umekwisha kupoa, niliweka kiganja kwenye ukuta wa magharibi nikakuta tofali bado lina moto. Mchana, nilipoingiza kichwa kwenye kitundu cha kupandia darini, hewa iliyokuwa imetuama kati ya kenchi na bati ilinirudisha chini mara moja. Hapo nilielewa kwamba joto lililotukosesha usingizi halikuwa la hewa ya usiku, bali lile ambalo nyumba yenyewe ilikuwa imelihifadhi tangu asubuhi, na sehemu kubwa ilitoka juu.

Sababu yake ni mahali tulipo. Mtwara ipo takriban nyuzi 10 kusini mwa ikweta, na jua la adhuhuri hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwezi wa Oktoba na tena mwezi wa Februari, huku katikati ya miezi hiyo likiwa halijasogea mbali. Kwa hiyo katika msimu wote wa joto paa ndilo linalobeba mzigo, kisha ukuta wa magharibi hupigwa na jua la alasiri linaloingia kwa ubavu. Bati likishapata moto hulishushia dari, na dari hutushushia sisi tuliolala chini yake.

Kazi ya kwanza niliyoifanya ilikuwa kulipaka paa rangi nyeupe. Bati lilioshwa, kutu ikakwanguliwa, likapakwa rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kisha nyeupe ya mabati mara mbili. Majirani walishangaa, na shemeji yangu alisema hadharani kwamba nimeiharibu sura ya nyumba. Namheshimu, lakini hakuna anayelala juu ya sura ya nyumba. Anayekinga maji ya mvua kutoka kwenye paa ahakikishe kwamba rangi anayonunua haina madini ya risasi, na mvua za mwanzo baada ya kupaka aziache zipite.

Kazi ya pili ilikuwa kutoboa matundu kwenye pembetatu za ukuta chini ya paa, pande zote mbili, nikaziba kwa wavu wa chuma ili popo wasiingie. Paa lisilo na pa kupumulia ni chungu kilichofunikwa.

Mama yupo kwetu tangu Desemba na analala ndani. Nalisema hili kwa fahari, na wale waliosema wakati ule wamekuja, wameketi sebuleni, wameona.

Ndugu zangu, tusikimbilie kununua kabla ya kutazama. Nendeni Mikindani, karibu kabisa na mjini, mkaone nyumba za kale za mawe ya matumbawe na chokaa: kuta nene, dari zilizo juu, madirisha yanayotazamana. Hata Boma la Wajerumani la mwaka 1895 lina kuta za namna hiyo. Leo tunaweka madirisha ya aluminiamu ya kusukuma, ambayo hata yakifunguliwa nusu yake hubaki imezibwa na kioo, kisha tunashangaa upepo hauingii. Anayejenga sasa achague yanayofunguka yote, na aweke matofali ya matundu juu ya milango ya ndani ili upepo upite kutoka chumba hadi chumba.

Pangaboi ni rafiki mzuri, ila halipoozi hewa. Linakausha jasho mwilini na hivyo kumpooza mtu. Kuliacha likizunguka katika chumba kisicho na mtu ni kuchoma luku bure. Shuka lililoloweshwa na kutundikwa dirishani, ambalo wengi hulisifu, huku pwani halisaidii sana, kwa sababu hewa yetu ya kaskazi imekwisha kujaa unyevu na maji hayakauki upesi.

Uwanja nao usisakafiwe wote, kwa kuwa sakafu iliyopigwa na jua huurudishia ukuta joto hadi usiku. Upande wa magharibi pandeni muarobaini, ambao huota haraka na kuvumilia kiangazi, mkiuweka mbali kidogo na msingi ili mizizi isiusumbue. Mche upandwe sasa wakati mvua zinanyesha, uzungushiwe miba ili mbuzi wasiufikie, na mvua zikikatika umwagiliwe jioni hadi msimu ujao.