Vipepeo mtaani kwetu Mabatini: anza na taka, halafu waache viwavi wale

Wadau, watu wananiuliza sana huku Mabatini, Mwanza, mawe matupu na mabati mnafanyaje mpaka mnapata vipepeo, jibu ni kwamba tumeacha kutupa chupa ovyo na tumeacha kung'oa kila jani tusilolijua.

Nianze na taka. Sisi wa milimani mvua ikipiga kila kitu kinashuka, chupa, viroba, ndala mbovu, vyote vinaingia Mto Mirongo na Mirongo unamwaga Ziwa Victoria. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019 na kweli imepungua, ila chupa ndo bado. Kwa hiyo ile Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi kikundi chetu hakichomi tena taka, tunachambua, chupa zinaenda kwa mnunuzi anapima kilo hela inaingia mfuko wa kikundi, halafu ndoo za rangi zilizopasuka na madumu mabovu tunapandia. Toboa chini kwa msumari wa moto, weka kokoto kidogo, udongo uchanganye na samadi ya mbuzi iliyooza. Dumu la dawa ya shamba usiliguse kabisa hata ulioshe vipi.

Sasa mimea, na hapa ndo wengi wanakwama sababu wanakimbilia maua tu. Kipepeo aliyekomaa anafyonza maua mengi, lakini kiwavi wake anachagua, anakula majani ya mimea michache na mama anataga hapohapo, kama majani hayo huna basi atapita tu. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi zenye madoa meupe anataka ile mimea ya utomvu mweupe, mmojawapo unaota wenyewe kandokando ya barabara una matunda yaliyovimba kama puto yenye vinyweleo. Kiwavi anaitunza sumu ya utomvu mwilini ndo maana ndege wengi wanamkwepa, kwa hiyo na wewe ukishika nawa mikono, usijiguse macho, na upande mbali na watoto na mbuzi.

Lantana, kile kichaka cha vishada vya maua ya rangi mchanganyiko, msipande jamani, najua vipepeo wanaipenda ila imetoka Amerika na ikishika eneo mimea yetu inakosa nafasi.

Kama una mndimu au mlimao, sio wa asili huku lakini kipepeo wetu mkubwa mweusi na njano anautagia sana. Kiwavi wake akiwa mdogo utadhani kinyesi cha ndege kimedondokea jani, akikua anakuwa wa kijani na ukimgusa anachomoa pembe mbili za rangi ya chungwa nyuma ya kichwa zenye harufu kali. Mama jirani alitaka kupulizia dawa, akaniambia "mwanangu hawa watamaliza mti wangu," nikamwomba, "mama tuwaachie tawi moja tu, kwenye matawi mengine nitakuja kuwahamisha mwenyewe," akakubali na mti wake mpaka leo unazaa. Mti mkubwa unachipua tena, ila mche mdogo kweli wanaweza kuumaliza kwa hiyo huo uufunike na chandarua kilichochakaa.

Mbegu zikusanyeni sasa kabla ya vuli, chukua chache kwenye kila mmea nyingine ziache zidondoke, na ukiwa na ndoo zilizopasuka usizitupe, ulizia kikundi cha usafi mtaani kwenu wapo wanaozihitaji.