Mwalimu, upande wa pembetatu unawezaje kuwa hasi 8?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha nne, Ujiji. Tulipewa kosaini ya θ ni −8/17, na θ iko kati ya 180° na 270°. Tutafute saini na tanjenti. Nilichora pembetatu, nikaandika −8 kwenye kitako na 17 kwenye hipotenusi, kimo kikatoka 15. Nikajibu saini 15/17, tanjenti −15/8. Nikahakiki: saini na kosaini, kila moja kipeo cha pili, jumla yake 1 kamili. Nimekosa zote mbili! Halafu, upande wa pembetatu unawezaje kuwa hasi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hauwezi. Futa −8, andika 8. Kazi ya pembetatu ni kukupa ukubwa tu: 17² − 8² = 289 − 64 = 225, kipeuo chake 15. Hapo sina neno. Hasi na chanya zinatoka kwingine, kwenye kwadranti, yaani ile robo moja kati ya nne zinazokatwa na mihimili ya x na y, ambamo mkono wa pembe umeangukia.

Naandika nikiwa Tabora, basi tutumie reli yetu. Nukta (0, 0) iwe hapa stesheni. Mashariki, njia ya Dar es Salaam, ni x chanya. Kaskazini, njia ya Mwanza, ni y chanya. Ninyi wa Kigoma mko kwenye x hasi, msinune. Abiria wa Mpanda anafuata njia ya kwenu hadi Kaliua, kisha anakata kusini: x hasi, y hasi. Hiyo ndiyo kwadranti ya tatu. Lakini Kaliua hadi Mpanda ni kilomita 210, na sijawahi kuona tiketi ya kilomita hasi 210.

Kwenye swali lako, basi, x ni −8 na y ni −15. Hipotenusi ni umbali kutoka (0, 0), kwa hiyo ni chanya siku zote: 17. Saini ni y kwa hipotenusi, −15/17. Tanjenti ni y kwa x, −15 kwa −8. Hasi zinauana, inabaki 15/8. Pembe yenyewe ni kama 242°. Majibu yako ni ya pembe ya kama 118°, kwadranti ya pili. Ulijibu swali la jirani.

Uhakiki wako haukusema uongo, ila ni kipofu wa alama. Namba hasi ukiizidisha kwa yenyewe inakuwa chanya, kwa hiyo 225/289 + 64/289 itakupa 1 hata ukikosea alama zote. Kabla hujagusa pembetatu, andika pembeni alama ya x na ya y. Wapo wanaokaririsha watoto vifupisho vya kwadranti nne. Mimi sivipendi, vinayeyuka kwenye chumba cha mtihani. Kushoto na chini nani husahau?

Tena, unapochora pembetatu, mstari wa wima kutoka ncha ya mkono wa pembe uushushe au uupandishe hadi mhimili wa x, kamwe usiupeleke kwenye mhimili wa y. Chukua 240°: toa 180, inabaki 60°, pembetatu ya 1, √3 na 2. Saini ni −√3/2, kosaini −1/2. Ukipima kutoka mhimili wa y utapata 30°, na majibu yatabadilishana viti. Linganisha na yako: −√3/2 ni kama −0.87, −15/17 ni kama −0.88. Pembe zinapishana nyuzi mbili tu.