Paka rangi kwanza au gundisha kwanza?

Umeuliza kama upake Bismarck yako ya 1/700 (modeli ya plastiki ya meli ya kivita ya Ujerumani, ndogo mara 700 kuliko meli halisi) ikiwa vipande, au uiunge yote ndipo ushike brashi. Ndugu yangu, usiiunge yote. Meli halisi ilikuwa na urefu wa mita 251, kwa hiyo yako haifiki hata sentimita 36. Mizinga na dohani zikishakaa, brashi haipiti katikati yake.

Osha vipande kwa maji na sabuni, maana mafuta ya kiwandani huifanya rangi ibanduke. Unga tumbo la meli, piga msasa, kisha paka rangi ya msingi. Sitaha ipake mapema, uifunike kwa utepe wa karatasi, ndipo umalizie ubavuni. Minara na mizinga ipake pembeni, ila kwangua rangi pale gundi itakaposhika. Gundi ya plastiki haishiki juu ya rangi.

Kijivu kiongezee nyeupe kidogo. Kwenye chombo kidogo hivi, rangi iliyo sahihi kabisa huonekana nzito mno. Wapo watakaobisha, wabishe tu. Milingoti iache mwisho, la sivyo utaivunja kwa kiwiko.