Msamehe, Lakini Mtaji Usimkabidhi Tena

Wiki hii msomaji mmoja wa Sengerema ameniandikia: mwenzake wa biashara katoroka na hela ya mzigo. Anauliza asamehe, au amfuatilie mpaka kieleweke. Mdogo wangu, hapo umenigusa kwenye kidonda.

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa, Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza. Mwenzangu tuliyechanga naye mtaji alipokea malipo ya magunia yaliyokwenda Kongo, akazima simu. Dagaa wale niliwaanika mwenyewe kule Igombe, nawageuza jua la saa sita, nafukuza ndege, naomba mvua isinyeshe, maana dagaa wakilowa wanabadilika rangi na mnunuzi atakuambia hao ni wa chakula cha kuku. Mpaka leo nikisikia jina la mtu yule, moyo unanipasuka.

Walionisaidia ni Wastoa, wanafalsafa wa kale walioanzia Athens. Mmoja wao alikuwa kaisari Marcus Aurelius. Mwaka 175 baada ya Kristo jemadari wake Avidius Cassius alimwasi, akajitangaza yeye ndiye mtawala wa Roma. Maofisa wa Cassius mwenyewe wakamuua, wakampelekea Marcus kichwa chake. Marcus alikataa hata kukitazama, akaagiza kizikwe. Nguvu za kulipiza alikuwa nazo zote, jamani! Kusamehe kwa namna ile si unyonge, kunataka ushujaa.

Hasira yangu ilikuwa inakula hela. Nikiambiwa kaonekana Nansio, nakata tiketi ya meli. Vocha, nauli, usingizi, vyote vinamfuata yeye. Siku nilipoacha, hela ile ile nikalipia masomo ya jioni ya hesabu za biashara. Mwezi uliopita nimesafirisha mzigo kwa jina langu peke yangu, na malipo yameingia benki. Najivunia, sifichi.

Kwa hiyo wekezeni kwenye vichwa vyenu. Epictetus, Mstoa mwingine, alizaliwa mtumwa, tena mguu wake ulikuwa na ulemavu, akaishia kuwa mwalimu wa vijana wa familia kubwa za Roma. Alichofundisha ni hiki: shughulika na kilicho mikononi mwako. Moyo wa aliyekudhulumu haumo humo. Kujifunza kumo.

Wewe wa Sengerema, kama mlikuwa na maandishi, yapeleke yanakohusika, kisha urudi kazini. Mkikutana sokoni msalimie. Akiomba mshirikiane tena, mkatalie, na mzigo unaofuata usipakiwe kabla hela haijasoma kwenye akaunti yako.