Una Jani la Ajabu Kwenye Jiwe? Usikimbilie Kuandika Jenasi Mpya

Swali ninaloulizwa kila mara na vijana wanaoanza visukuku vya mimea (mabaki ya mimea ya kale kwenye mawe) ni hili: nimepata jani, halifanani na mti wowote ninaoujua, naweza kuliandika kama jenasi mpya iliyotoweka, yaani kundi jipya la spishi za karibu? Mi huwa najibu hapana, siyo kwa jani peke yake. Majani yanadanganya jamani. Nenda kwenye mforosadi uchume majani, mti huo huo mmoja unakupa jani zima na jingine limegawanyika pande mbili tatu, sasa hayo yangedondoka ziwani yakafukiwa na tope halafu wakaja kuyachimba watu wawili wasiojuana, basi kwenye makaratasi tungekuwa na spishi mbili.

Na siyo nadharia hii. Mwaka 1969 kuna majani ya miamba ya Green River, kule Utah, Marekani, yana miaka kama milioni 47, yalipewa jina Oreopanax elongatum, maana yake yaliwekwa kwenye familia ya ginseng. Baadaye sana mtafiti wa visukuku vya mimea, Steven Manchester, akakutana na kisukuku kingine kwenye makusanyo ya chuo kikuu cha Berkeley, jani ni lile lile ila safari hii liko kwenye kitawi chenye maua na matunda, na vile vitu vilivyoshikamana pale havikuendana kabisa na ginseng. Mwaka 2024 yeye na wenzake wakaandika jenasi mpya, Othniophyton. Cha ajabu zaidi, tunda limeshakomaa lakini stameni (sehemu za kiume za ua) bado zimeganda palepale, wakati maua mengi huwa yameshaziangusha kitambo. Hilo huwezi kuliona kwenye jani hata ulikodolee macho mwaka mzima.

Kwa hiyo cha kutafuta ni muungano. Jani na ua, ua na tunda, vyote kwenye kitawi kimoja. Fagopsis ya Florissant, Colorado, ilikuwa inajulikana kwa majani zamani sana, lakini hoja kwamba ni jenasi iliyotoweka ya upande wa familia ya mialoni ilipata nguvu mwaka 1983 Manchester na mtafiti mwenzake Crane walipoonyesha vitawi vyenye majani, maua na matunda pamoja.

Sasa hapa ndipo watu wanapoteleza, maana vitu viwili kulala karibu karibu kwenye jiwe siyo kushikana. Fanya hivi, weka jiwe chini ya hadubini, taa ije kutoka pembeni, chini chini kabisa, ili kila kijitundu kitupe kivuli. Kifuate kikonyo cha jani kuelekea kwenye kitawi. Kama kimeungana kweli utaona ule weusi wa kaboni unaendelea bila kukatika, mwisho wa kikonyo umevimba kidogo, na ukiwa na bahati kuna kichipukizi kimekaa pale kwapani. Kama ni kupishana tu, kimoja kitakuwa kimepita juu ya kingine, na katikati kuna utando mwembamba wa tope kama unene wa karatasi. Mara nyingi sehemu muhimu imefunikwa na jiwe, hapo chukua sindano kali, bandua chembe moja moja, na piga picha KABLA ya kila hatua kwa sababu ulichokibandua hakirudi. Tone la spiriti linasaidia, mishipa inatokeza vizuri kwa dakika chache halafu inafifia tena, ila maji usiweke ovyo, miamba yenye udongo wa mfinyanzi inavimba na kupasuka. Mimi sehemu hii ndiyo naipenda kuliko zote, ingawa shingo inauma vibaya.

Muungano ukikosekana usikate tamaa ila punguza madai. Watafiti Dilcher na Crane mwaka 1984 walikuwa na mti wa Kansas wa miaka kama milioni 100, jamaa wa magnolia, sehemu zake zimesambaa. Wakaipa kila sehemu jina lake: Archaeanthus ni mhimili wa matunda wenye vifuko vya mbegu 100 hadi 130, petali wakaziita Archaepetala, magamba ya kichipukizi Kalymmanthus, na majani yakabaki Liriophyllum. Halafu ndo wakajenga hoja kwamba ni mmea mmoja, maana sehemu hizo zinakutwa pamoja na zote zina vitone vya utomvu vya aina ile ile. Tazama mpangilio, kwanza majina tofauti, hoja ya kuunganisha baadaye. Ukianza kwa kuunganisha na ukawa umekosea, yule anayekuja kusahihisha atapata tabu kweli.

Kanuni zenyewe za kuupa mmea jina jipya siyo ngumu. Maelezo au utambuzi (sifa zinazoutofautisha na mingine) uwe kwa Kilatini au Kiingereza, picha au mchoro ni lazima kwa kisukuku, holotaipu, yaani kielelezo kinachobeba jina, iwe kimoja tu, na utaje kinatunzwa taasisi gani. Jiwe likipasuka ukapata pande mbili, zote mbili ziandikie namba na zisitenganishwe. Ila ushauri wangu, usichague holotaipu kwa uzuri wake. Jiwe linalopendeza ukutani huwa ni jani moja kubwa safi, wakati jiwe baya baya lenye kiua kilichopondeka kikiwa kimeshikana na kitawi ndilo linalobeba jenasi yako.

Halafu suala la familia. Wasimamizi wengi wanapenda kila kitu kiwe na familia, na mhakiki wangu mmoja aling'ang'ania hivyo hivyo, nikakataa. Linganisha na hebaria (makusanyo ya mimea iliyokaushwa) kwanza, pitia mishipa, meno ya ukingo wa jani, idadi ya sepali (vijani vinavyofunika ua changa), ovari (sehemu inayokuja kuwa tunda) iko juu au chini ya pale petali zinapoanzia, chavua kama bado imo ndani ya vifuko vyake, na ukimaliza kama hakuna familia inayokubali sifa zote basi andika familia haijulikani. Othniophyton imeachwa hivyo hivyo na hakuna aliyekufa.

Jina ndo la mwisho, hakikisha tu halijatumika kwenye mmea mwingine wowote, hai au kisukuku. Wanyama wana kanuni zao tofauti kwa hiyo huko usihangaike: Florissantia ni ua la kisukuku la jamaa wa mibuyu na mapamba, na Florissantia hiyo hiyo ni mdudu wa kisukuku, tena wote wawili wametoka Florissant. Ukisachi usishangae kuletewa mabawa.