Kabla Hujabishana na Mjomba, Jua Anachokilinda

Ukitaka kujua mtu atasimama wapi kwenye siasa, chama chake kiache kwanza. Angalia kitu ambacho hayuko tayari kukipoteza.

Mwanasaikolojia Shalom Schwartz alieleza mwaka 1992 tunu 10, yaani mambo ambayo watu huyathamini maishani, kama usalama, desturi, mafanikio, ukarimu na uhuru wa kujiamulia. Karibu kila mtu anazo zote. Tunachopishana ni ipi itangulie. Tena anazipanga kwa duara: usalama umekaa jirani na desturi, na uhuru wa kujiamulia uko ng'ambo ya pili, kwa hiyo anayekumbatia upande mmoja mara nyingi hulegea kwenye upande wa pili.

Nililiona hilo nyumbani Juni 2024, Muswada wa Fedha, uliopendekeza kodi mpya, ulipowatoa vijana barabarani Kenya. Binamu zangu walikuwa mjini Nairobi na bendera mabegani. Mjomba ana duka la viatu huko huko mjini. Tarehe 25 alifunga mapema, akapakia maboksi kwenye pikapu, kisha akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu la ukoo: "Haki gani hiyo ya kunivunjia duka?" Wakamwita kibaraka wa serikali. Wapi! Kodi ile ilimuuma kuliko sisi sote, yeye ndiye mfanyabiashara. Ila kwake usalama hutangulia, na kwa binamu zangu haki hutangulia. Kesho yake Rais Ruto alipotangaza hatausaini muswada, wote walishukuru, kila mmoja kwa sababu yake.

Kwa hiyo kwenye mjadala kama huo, anza na swali: "Mjomba, hapa unaogopa nini hasa?" Halafu mjibu kwa hicho hicho. Nilipomtajia Ibara ya 37 ya Katiba kama haki ya waandamanaji, alinyamaza tu. Nilipomsomea kwamba ibara yenyewe inaruhusu maandamano ya amani na bila silaha, yaani anayevunja duka hana kinga humo, akauliza, "Sasa mbona polisi hawawashiki wezi, wanawapiga watoto?" Hapo ndipo mazungumzo yalipoanza.

Jichunguze na wewe. Mimi hujiita mpenda haki, lakini uchaguzi ukikaribia hununua unga wa akiba kabla hata ya kusikiliza sera.

Tahadhari moja: njia hii haimfai mtu aliyelipwa kusema anachosema. Huyo mkaribishe chai, mzungumzie mpira.